Ukaguzi wa nyumba za kupanga Kampala: maswali ninayoulizwa kila wiki

Kazi yangu ni kukagua nyumba za kuishi katika mitaa ya mabondeni Kampala. Kisenyi, Katwe na sehemu za Makindye, Kiswahili hunifungulia milango kuliko Luganda yangu, kwa sababu kwenye ua mmoja unamkuta Mkongomani wa Bukavu, Mnubi wa Bombo, Msomali na Mkenya mwenye kibanda cha nguo. Wote huniuliza yale yale. Nimeyaandika hapa ili mtu akiniuliza tena nimtumie kwenye simu.

Kwa mgeni wa mji: muzigo ni chumba kimoja katika safu ya vyumba vya kupangisha, kila mlango familia yake. Wingi wake ni mizigo, na Mswahili akilisikia jina hilo mara ya kwanza lazima acheke.

## Mambo ya mwanzo

1. Mnakagua nini hasa?

Chochote ndani ya nyumba au uani kinachoweza kumletea ugonjwa, kumjeruhi au kumuua anayelala humo. Hewa, mwanga, unyevu, msongamano, choo, maji ya kunywa, maji machafu, takataka, moshi, nyaya za umeme, ngazi na kuta zenye nyufa. Rangi ya ukuta hainihusu. Vyombo ambavyo hujaviosha tangu jana navyo havinihusu, kwa hiyo msihangaike kufagia mkiniona naingia getini.

2. Daraja mnaipa nyumba au mnanipa mimi mpangaji?

Nyumba. Mpangaji msafi kupindukia anaweza kuishi katika chumba cha daraja baya kabisa, na mchafu akaishi pazuri. Ninachojiuliza ni hiki: nikimweka mtoto mchanga au bibi wa miaka 70 humu mwaka mzima, kitampata nini? Nyumba ya leo ina kijana mwenye mapafu ya chuma, kesho kutwa atahama, na anayeingia baada yake hatumjui.

3. Nani ana haki ya kuingia chumbani kwangu?

Afisa wa afya wa serikali ya mtaa, chini ya Sheria ya Afya ya Umma ambayo asili yake ni ya mwaka 1935. Kampala mamlaka hiyo ni KCCA, yaani Mamlaka ya Jiji Kuu la Kampala, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2010, yenye divisheni 5: ya Kati, Kawempe, Makindye, Nakawa na Rubaga. Miji mingine ni halmashauri ya jiji au manispaa. Afisa huja saa zinazofaa, anajitambulisha, anaonyesha kitambulisho. Mara nyingi huja na mwenyekiti wa LC1 (baraza la mtaa) au mtu wake, na una haki kabisa ya kusubiri huyo afike kabla hujafungua.

Wahudumu wa afya wa kijiji, wale tunaowaita VHT, wanaweza kukutembelea, kukushauri na kuandika wanachokiona. Hawatoi notisi.

4. Kuna ada?

Chumba cha kuishi sijawahi kukikagulia kwa pesa. Anayekuomba ya soda ili akuandikie daraja zuri, mpeleke kwa LC1.

5. Kwa hiyo nyumba zina madaraja ya serikali, kama hoteli?

Hapana. Sheria yetu haigawi nyumba kwa herufi. Inauliza kama mahali ni kero kwa afya, na kama panafaa kukaliwa na binadamu. Nyumba iliyosongamana, isiyo na hewa wala mwanga, yenye unyevu au isiyo na choo cha maana, hiyo ni kero. Madaraja ninayoyaeleza kwenye swali la 6 ni ya kazi. Yanatusaidia kujua tuanze na mlango upi, maana ukisema mtaa mzima ni kero, utaanzia wapi?

## Jinsi ya kupima

6. Mnafikiaje daraja?

Njia ni mbili, na zinagombana. Ya kwanza ilitengenezwa na Chama cha Afya ya Umma cha Marekani miaka ya 1940: kila kasoro ina pointi za adhabu, unazijumlisha, nyumba yenye pointi nyingi ndiyo mbovu. Inafaa sana ukitaka kulinganisha mtaa na mtaa. Ya pili ni ile ambayo Uingereza imekuwa ikiitumia tangu mwaka 2006. Wao walitaja hatari 29, na mkaguzi anaipima kila moja peke yake: uwezekano wa kumdhuru mtu ni mkubwa kiasi gani, na dhara lenyewe lingekuwa zito kiasi gani. Kila hatari inapata alama yake, kuanzia A hadi J. Hatari moja ikiwa juu vya kutosha, mamlaka inalazimika kuchukua hatua hata kama mengine yote ni safi.

Mimi nimeegemea ya pili. Jumla inaficha. Kuna nyumba moja niliyowahi kuikagua yenye vigae sakafuni, dari, maji ya bomba ndani, mlango wa chuma. Kwa kujumlisha ingeshinda ua mzima. Lakini waya wa umeme ulipita juu ya fremu ya mlango huo wa chuma, umechubuka, umefungwa kwa mfuko wa nailoni. Jirani yake chumba cha udongo, bati limetoboka, hewa tele. Nikiambiwa nichague mahali pa kumlaza mwanangu, nachagua cha udongo.

Basi daftari langu lina ngazi 4. Ya kwanza: hakuna cha haraka. Ya pili: rekebisha kabla ya msimu ujao wa mvua. Ya tatu: rekebisha ndani ya wiki chache. Ya nne: leo. Nyumba inachukua ngazi ya hatari yake mbaya kuliko zote, na chini yake naandika orodha ya kurekebisha. Namba bila orodha haimsaidii mtu.

7. Chumba chetu ni futi 10 kwa 10. Tukae wangapi?

Hili ndilo swali linaloleta kelele, basi tulipigie hesabu. Futi 100 za mraba ni kama mita 9.3. Kipimo cha shirika la makazi la Umoja wa Mataifa kinasema zaidi ya watu 3 katika chumba kimoja ni msongamano. Viwango vya Sphere, vinavyotumiwa kambini wakati wa dharura, vinataka kila mtu awe na angalau mita 3.5 za mraba zenye paa. Gawanya: watu 2 na zaidi ya nusu kidogo. Sheria ya zamani ya Uingereza ilikuwa kali zaidi. Chumba cha futi 90 hadi 110 kilihesabiwa mtu mmoja na nusu, mtoto wa chini ya miaka 10 nusu mtu, wa chini ya mwaka hahesabiwi.

Chukua familia ya kawaida: baba, mama, mtoto wa miaka 6, wa miaka 3 na mchanga wa miezi 5. Kwa Umoja wa Mataifa wamezidi. Kwa Sphere wamezidi, maana yake wamebanana kuliko kiwango cha chini cha kambi, na baadhi yao walitoka kambini wakija mjini kutafuta nafuu. Mama mmoja wa Katwe nilipomwambia hivyo aliguna tu, akasema, "Mwanangu, kambini hakuna kazi."

Kwa hiyo sitoi ngazi ya nne kwa sababu ya idadi peke yake. Naangalia msongamano pamoja na hewa (swali la 8). Watu 5 kwenye chumba chenye madirisha mawili yanayokabiliana si sawa na watu 5 kwenye sanduku. Kifua kikuu kinasafiri hewani. Mgonjwa akikohoa, vitone vidogo vinaelea saa nyingi mahali hewa imesimama, na hewa ikipita vinatoka nayo. Akiwepo mwenye kifua kikuu ambaye hajaanza dawa, ngazi inapanda siku hiyo hiyo.

8. Dirisha lipo. Kwa nini umeandika hakuna hewa?

Kwa sababu nimelipima. Kanuni ya zamani ya majengo tuliyorithi kwa Waingereza ni rahisi kukumbuka: dirisha liwe sehemu moja ya kumi ya sakafu, na nusu ya dirisha ifunguke. Kwa chumba cha swali la 7 unahitaji dirisha la karibu mita 0.93 za mraba. Sasa toa futi kamba. Madirisha mengi ya mizigo ninayoyapima ni sentimita 60 kwa 60, yaani mita 0.36. Hujafika hata nusu. Halafu ubao mmoja umepigiliwa misumari kwa hofu ya wezi, na nyuma ya mwingine kuna kabati.

Kisha naangalia juu. Fundi aliacha vitundu vya hewa juu ya dirisha, na karibu kila chumba vimezibwa kwa matambara, magazeti au gunia. Nikiuliza kwa nini, jibu ni mbu, baridi ya alfajiri, au moshi wa jirani. Sababu zote ni za kweli. Kuzibua tu ni kumwambia mtu achague malaria badala ya kifua kikuu, kwa hiyo orodha yangu husema: toa matambara, weka wavu. Kipande cha wavu ni kazi ya nusu saa na nyundo.

Unyevu nao unasomeka hapo hapo. Pitisha kiganja ukutani nyuma ya kitanda. Ukuta baridi wenye madoa meusi ni ukungu, na mtoto mwenye pumu kitandani hapo hatalala.

9. Choo ni cha pamoja. Je, hiyo peke yake ni kosa?

Peke yake hapana. Kwenye takwimu za kimataifa choo kizuri kinachotumiwa na kaya zaidi ya moja huwekwa kundi la chini kuliko cha kaya moja, lakini nikifuata hilo nitaandika notisi mtaa mzima. Mimi naangalia mambo manne.

Idadi kwanza. Sphere inasema watu 20 kwa tundu moja. Ua wa vyumba 14 wenye watu 50 unahitaji matundu 3. Mara nyingi nakuta 2, na moja lina kufuli. Nauliza ufunguo uko wapi. "Kwa mwenye nyumba." Basi tundu ni moja, watu ni 50, na nimelihesabu hivyo.

Pili, usiku. Nawauliza wanawake, tena bila wanaume kusikiliza: saa 5 usiku unakwenda? Kama jibu ni ndoo, choo hicho kwa nusu ya siku hakipo. Taa na komeo la ndani vinaingia kwenye orodha kama vile sakafu iliyopasuka.

Tatu, shimo lenyewe. Mabondeni Kampala ukichimba kidogo umegonga maji. Ndiyo maana Bwaise vyoo vimeinuliwa, unapanda ngazi kama unakwenda mimbarini. Kuinua ni sahihi. Shida ni upande wa nyuma. Zunguka, tazama chini ya ukuta wa shimo, kwenye mtaro. Ukiona bomba fupi au tofali lililozibwa kwa tambara, umepata siri ya nyumba: mvua kubwa ikija, tambara linachomolewa na kinyesi kinakwenda na mafuriko kwa majirani wa chini. Hiyo ni ngazi ya nne bila mjadala, na kwangu ni kosa zito kuliko choo kilichojaa, kwa sababu aliyejenga alijua anachofanya.

Nne, kujaa kunashughulikiwaje. Lori la kunyonya haliingii kwenye vichochoro, lakini wapo vijana wenye pampu ya mkono na mapipa wanaosomba hadi barabarani, na uchafu huo unakwenda kwenye mtambo wa kusafisha maji taka kama ule wa Lubigi, uliofunguliwa mwaka 2014. Mwenye nyumba akikuambia haiwezekani kuchota, haiwezekani kwake ni bei.

10. Tunachota chemchemini, maji yanang'aa. Yana shida?

Yanaweza kuwa nayo. Chemchemi nyingi za Kampala zilijengewa zege na mabomba zamani, kisha mji ukapanda vilima juu yake, vyoo vya shimo vikiwa hatua chache. Umbali unaopendekezwa kati ya shimo na chanzo cha maji ni angalau mita 30, na sakafu ya shimo iwe mita 1.5 juu ya maji ya ardhini. Kwa bondeni vipimo vyote viwili havipatikani. Mwaka 2015 homa ya matumbo ilienea Kampala na maji machafu yalikuwa kiini chake. Chemsha ya kunywa. Ya kufulia chota tu.

Nyumba yenye bomba nayo naikagua: jerikeni lina mfuniko? Limesuguliwa lini? Maji safi yanaharibika ndani ya dumu lenye utelezi wa kijani.

11. Kupikia ndani kwa sigiri mvua ikinyesha?

Mlango wazi, dirisha wazi, na sigiri itoke nje kabla ya kulala. Makaa yaliyokwisha kutoa moshi ndiyo hatari kuliko yote, kwa sababu gesi yake haina harufu wala rangi, na watu hulala wasiamke. Nikikuta chumba kinachopashwa joto kwa sigiri usiku, ni ngazi ya nne.

12. Panya, kunguni, mende?

Kunguni wanaudhi, ila hawaenezi ugonjwa. Panya nafuata njia zao: ukuta wa pamoja usiofika kwenye bati ni barabara yao kuu. Dawa bila kuziba barabara hiyo ni kuwahamishia kwa jirani.

13. Umeme wa kamyufu, ule wa kujiunganishia kinyemela, mnauandika?

Naandika hatari. Nani kauunganisha si kazi yangu. Waya usio na bomba, soketi inayopata moto, kebo iliyopita chini ya kapeti: ngazi ya nne.

## Baada ya ukaguzi

14. Notisi ina nini, na akiipuuza?

Inataja kero, kazi inayotakiwa na muda. Hupewa aliyesababisha kero. Kama ni kasoro ya jengo au ukosefu wa choo, hupewa mwenye nyumba, hata kama yuko ng'ambo na kodi inapokewa na msimamizi. Muda ukipita, suala linakwenda mahakamani, na mahakama inaweza kuamuru kazi ifanyike au kuzuia nyumba isikaliwe mpaka ifae. Wengi hawafiki huko. Msumari wa kwanza hupigwa siku moja kabla ya mimi kurudi.

15. Nikilalamika atanifukuza?

Hofu hii ndiyo inayonyamazisha ua mzima. Sheria ya Mwenye Nyumba na Mpangaji ya mwaka 2022 inamtaka mwenye nyumba atoe mahali panapofaa kukaliwa, inakataza kumtoa mpangaji bila amri ya mahakama, na inaweka kikomo cha kupandisha kodi kuwa asilimia 10 kwa mwaka. Mkataba wenye thamani ya shilingi 500,000 au zaidi uwe wa maandishi. Hata wa chini yake, weka risiti au ujumbe wa pesa za simu.

Hata hivyo sheria haiko mlangoni saa 3 usiku anapokuja kung'oa bati, na hilo nimeliona. Ndiyo maana mimi hukagua ua mzima badala ya chumba cha aliyelalamika, na jina la mlalamikaji haliingii kwenye karatasi.

16. Mkifunga nyumba tutakwenda wapi?

Mara nyingi kwenye nyumba mbovu zaidi. Kwa hiyo nafunga nikiwa sina njia: ukuta unaoanguka, kwa mfano. Mengine yote yanarekebishwa watu wakiwamo ndani.

17. Mimi ndiye mwenye nyumba na pesa ni kidogo. Nianze na nini?

Waya, kisha tundu la choo lenye kufuli lifunguliwe (bure), kisha wavu wa vitundu vya hewa, kisha mtaro. Rangi iwe ya mwisho.

## Mambo ya pembeni

18. Mlinipa ngazi ya pili Januari, sasa mnasema ya nne. Nyumba imebadilika?

Haijabadilika. Nilikosea mimi. Miaka kadhaa iliyopita nilikagua safu moja ya mizigo wakati wa kiangazi, sakafu kavu, nikaandika ngazi ya pili. Nikapita tena Aprili, nikamkuta mpangaji amesimama kwenye maji yanayofika gotini, godoro juu ya meza, mtoto juu ya godoro. Mstari wa tope la miaka iliyopita ulikuwa ukutani tangu Januari. Kalenda iliyotundikwa hapo iliuficha, na sikuisogeza.

Siku hizi mabondeni nakagua mara mbili, moja ikiwa kati ya Machi na Mei au Septemba na Novemba, na kila kalenda naisogeza.

19. Ardhi ni ya mailo ya mtu mwingine (hati ni yake), mimi nina kibanja tu (haki ya kukaa juu yake). Nani awajibike?

Kwa kero ya nyumba, anayevuna kodi. Mgogoro wenu wa ardhi una mahali pake, na shimo halisubiri uishe.

20. Ninalala dukani nyuma ya bidhaa.

Basi duka ni chumba cha kulala na nitalikagua hivyo. Swali langu la kwanza litakuwa kama kuna njia ya kutokea wakati shata limefungwa kwa kufuli la nje.

21. Hii si ile ile ya wakoloni, kutumia afya kuwahamisha watu?

Unayeuliza una haki. Mwaka 1913 Profesa W. J. Simpson alitumwa Afrika Mashariki kwa ajili ya tauni na usafi, akapendekeza miji igawanywe kwa rangi za watu, Wazungu watenganishwe na wengine kwa ukanda mtupu wa yadi 300. Kibuga cha Mengo, mji mkuu wa ufalme wa Buganda, walikoishi Waafrika wengi, kilibaki nje ya manispaa ya Kampala hadi mwaka 1968, kwa hiyo mabomba na mitaro viliishia mpakani. Mabonde mengi ninayokagua leo ni mabaki ya mpaka huo. Pima ukaguzi wowote kwa kitu kimoja: orodha iliyoachwa inamtaka nani afanye kazi? Ikiwataka wakazi waondoke na hakuna mwingine anayetakiwa kufanya lolote, njoo uniambie.

22. Mimi ni mkimbizi. Utaandika karatasi zangu?

Siziulizi. Fomu yangu ina nafasi ya idadi ya watu na umri wa watoto.

23. Naweza kujikagulia mwenyewe?

Unaweza, na anza jioni hii. Funga mlango na dirisha kama unavyolala, subiri kidogo, kisha toka nje na urudi ukinusa. Gusa ukuta nyuma ya kitanda. Hesabu watu wa ua, gawanya kwa matundu yasiyo na kufuli. Zunguka nyuma ya choo utazame chini. Yaandike yote kwa tarehe, piga picha, na mpe mwenyekiti wa LC1 nakala moja. Nyingine nipe mimi nikipita.